Kilima Kidogo, Mbwa Mmoja na Swali la Mzee



Vijana wenzangu, somo letu la wiki hii ni juu ya kupanda kilima. Sio Kilimanjaro, hapana. Ni kilima kidogo cha Edinburgh, kule Uskoti, kinachoitwa Arthur's Seat, nilichokipanda nikiwa na mbwa wa watu. Najua baadhi yenu mmeshaanza kucheka: "Frateri leo ameishiwa mada." Subirini kidogo. Kwenye kilima hicho kuna falsafa, kuna historia ya watakatifu, na kuna swali moja zito juu ya kifo. Swali hilo siku moja na wewe utaulizwa na mtu unayempenda, na itabidi ujibu.

Somo lina sehemu tano. Chukua Biblia yako (hakikisha ina kitabu cha Tobiti) na daftari, tuanze.

1. Kilima kidogo si kilima cha bure

Arthur's Seat ina urefu wa mita 251 tu kutoka usawa wa bahari. Kilimanjaro ina mita 5,895. Yaani ungehitaji kupanga Arthur's Seat zaidi ya ishirini, moja juu ya nyingine, ndipo uifikie Kibo. Mtu mwenye afya anafika kileleni kwa saa moja au pungufu, na njiani unapishana na bibi vizee, watoto wa shule na watu wanaokimbia mazoezi.

Lakini usikidharau. Kilima hiki ni mabaki ya volkano iliyolipuka takriban miaka milioni 340 iliyopita. Pembeni yake kuna majabali marefu yanayoitwa Salisbury Crags. Hapo ndipo James Hutton, mwana wa Edinburgh wa karne ya 18, alipoona jinsi mwamba uliokuwa umeyeyuka kwa joto ulivyojipenyeza katikati ya matabaka ya mawe ya zamani zaidi. Akayasoma mawe kama sisi tunavyosoma kitabu, akaona kwamba dunia ina umri mkubwa mno kuliko watu wengi wa wakati wake walivyodhani. Kwa mkatoliki hilo si tishio. Mungu hana haraka. Aliyesubiri mamilioni ya miaka kuumba kilima cha kupanda kwa saa moja hashindwi kukusubiri wewe.

Halafu, chini ya kilima kuna magofu ya abasia inayoitwa Holyrood. Neno "rood" ni neno la kale la Kiingereza lenye maana ya msalaba. Kwa hiyo jina lote ni Msalaba Mtakatifu! Abasia ilianzishwa na mfalme Daudi wa Kwanza wa Uskoti mwaka 1128. Masimulizi ya kale yanasema mfalme alikwenda kuwinda siku ya sikukuu ya Msalaba, akashambuliwa na kulungu dume, akaokolewa na msalaba uliotokea katikati ya pembe za mnyama yule. Ni masimulizi, siyo fundisho la imani, lakini mshike huyo kulungu kichwani, tutakutana naye tena baadaye.

Mama yake Daudi ni Mtakatifu Margareta wa Uskoti. Aliingia nchi ile kama mkimbizi, baada ya ukoo wake kupoteza kiti cha ufalme wa Uingereza mwaka 1066. Akaolewa na mfalme, akawa malkia, na anakumbukwa hasa kwa kuwahudumia yatima na maskini kwa mikono yake mwenyewe. Alifariki mwaka 1093 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1250. Ukipanda kutoka upande wa abasia, unapita kando ya ziwa dogo lenye jina lake, na juu yake yamesimama magofu ya kikanisa cha Mtakatifu Antoni.

Unaona? Mita 251, na tayari tumekutana na volkano, mwanasayansi, mfalme, mkimbizi na msalaba. Hata mlima Tabor, ambao mapokeo yanasema ndipo Bwana wetu alipogeuka sura, una kama mita 575 tu. Mungu hapimi kwa mita. Wewe unayesema "nitaanza kusali vizuri nikipata nafasi ya kwenda mafungo makubwa" hebu anza na kilima kilichopo karibu na kwenu.

2. Mbwa asiyefanya chochote

Sasa huyo mbwa alitoka wapi? Mwezi Mei mwaka jana nilikuwa mgeni wa parokia moja ya Edinburgh kwa wiki tatu. Kati ya waamini wa Misa ya asubuhi alikuwepo mzee mmoja mgane, yaani aliyefiwa na mkewe. Kwa miaka mingi yeye na mkewe walipanda Arthur's Seat kila Jumamosi na mbwa wao, Bess, jike mweusi na mweupe wa aina inayochunga kondoo. Mke amefariki, na magoti ya mzee yamegoma. Siku moja baada ya Misa akaniambia, "Kijana wangu, una miguu mizuri. Nipandishie Bess, na ukifika juu umwombee mke wangu." Nikakubali.

Tuseme ukweli: wengi wetu hatukulelewa kutembea na mbwa. Kwetu mbwa ni mlinzi, mchana anafungwa bandani na usiku anafunguliwa. Neno "mbwa" lenyewe tunalitumia kutukana. Kwa hiyo nilipokuwa napanda nikajiuliza, Maandiko yanamwona vipi mnyama huyu?

Sehemu nyingi za Biblia hazimsifu. Lakini fungua kitabu cha Tobiti. Kijana Tobia anatumwa safari ndefu na baba yake aliyepofuka. Anafuatana na malaika Rafaeli, bila kujua kwamba ni malaika. Na mwandishi anatuambia kwamba mbwa wa kijana naye alitoka, akaenda nao. Ukifika sura ya 11, wanaporudi nyumbani, mbwa yupo bado, anawafuata nyuma.

Hapa katikati mbwa amefanya nini? Hakuna! Hamkamati samaki, hamfukuzi shetani, hamponyi mzee macho. Kazi hizo ni za Tobia akiongozwa na malaika. Mbwa anakwenda tu, na anarudi. Mimi nadhani hilo ndilo somo lake. Kuna utume wa kuwa pamoja. Rafiki yako anayeuguza mzazi hospitalini, au aliyefeli mtihani, au aliyeachwa na mchumba, si lazima umpe hotuba. Wakati mwingine anahitaji mtu wa kwenda naye na kurudi naye. Tunaogopa kwenda kwa sababu "sina la kumwambia." Mbwa wa Tobia naye hakuwa na la kusema, lakini Roho Mtakatifu aliona inafaa atajwe, na mara mbili.

3. Kamba na uhuru

Uskoti wana sheria nzuri ya mwaka 2003 inayompa kila mtu haki ya kutembea katika sehemu kubwa ya nchi, milima na mashamba ya wazi, hata kama ardhi ina mwenyewe, mradi atembee kwa uwajibikaji. Haki hiyo inamhusu pia mwenye mbwa, ikiwa mbwa wake yuko chini ya mamlaka yake. Kuanzia Aprili hadi Julai kuna ndege wanaotaga chini kwenye majani, hivyo mbwa anatakiwa awe na kamba fupi au atembee karibu kabisa na mguu wako. Kinyesi chake unakiokota kwa mfuko. Na mbwa akishambulia kondoo wa watu, sheria ya mwaka 2021 inaruhusu mwenye mbwa atozwe faini ya hadi pauni 40,000 au afungwe hadi miezi 12, au vyote viwili.

Nilipoelezwa haya nilicheka kidogo: kumbe haki ya kutembea popote inakuja na kamba mkononi! Halafu nikafikiri vizuri. Je, sivyo uhuru ulivyo?

Chuoni tulijadili sana suala hili. Kuna wanaosema uhuru ni kufanya chochote unachotaka, bila mtu kukuzuia. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaona vingine: tumepewa akili na utashi ili tuweze kulitambua jema na kulielekea. Amri inayokusaidia kulifikia jema haikupunguzii uhuru, inaulinda.

Pale kwenye majabali ukingo uko wima kabisa. Nilimshika Bess kamba fupi, na hakulalamika. Tulipofika kwenye uwanda wa nyasi, penye nafasi, nikamlegezea. Kamba fupi haikuwa adhabu, na kamba ndefu haikuwa zawadi kwa tabia njema. Zote mbili zilikuwa upendo, kulingana na mahali tulipo.

Basi jiulize juu ya kamba zako. Mzazi anayekuuliza umerudi saa ngapi. Kanisa linalokuambia usiishi na mchumba kabla ya ndoa. Ratiba ya seminari inayoniamsha mimi saa kumi na moja alfajiri. Kabla hujakata kamba, angalia kwanza kama husimami ukingoni mwa jabali.

4. Kwenye njia panda

Katika *Summa Theologiae*, Mtakatifu Thoma anajadili kama wanyama wasio na akili wana uwezo wa kuchagua. Anataja mfano uliokuwa unajulikana tangu zamani: mbwa anamfukuza kulungu (huyo hapo, nilisema tutakutana naye), anafika kwenye njia tatu. Ananusa ya kwanza, hakuna harufu. Ananusa ya pili, hakuna. Basi anaondoka mbio kwa njia ya tatu bila kuinusa, kama vile amefikiri: "Si ile, si hii, kwa hiyo ni hii iliyobaki." Kama umesoma mantiki, utaona hiyo ni hoja kamili!

Je, mbwa amefikiri? Thoma anajibu: hapana. Mshale unakwenda moja kwa moja kwenye shabaha, lakini akili ni ya mpigaji. Saa inafuata mpango, lakini akili ni ya fundi. Hivyo hivyo mnyama anafanya mambo yenye hekima kwa sababu ameumbwa na Mwenye hekima, aliyeweka mpangilio huo katika maumbile yake.

Edinburgh wana mwanafalsafa wao, David Hume, aliyezaliwa mjini hapo mwaka 1711 na kuzikwa huko huko mwaka 1776. Hume alisema wanyama wanajifunza kwa uzoefu na mazoea, na kwamba hata sisi binadamu sehemu kubwa ya mambo yetu tunayaendesha kwa mazoea kuliko kwa hoja. Kuhusu Mungu sikubaliani na Hume, lakini hapo ana jambo la kutufundisha. Sala yako ya asubuhi, ikiwepo, imejengwa na hoja au na mazoea? Mazoea mema ni neema. Fadhila yenyewe, tangu kwa Aristotle, ni mazoea ya kutenda mema.

Sasa nisikilize. Tulipovuka bonde na kuanza mteremko wa mwisho, njia iligawanyika. Pande zote mbili kulikuwa na vichaka vya miiba vyenye maua ya njano. Maua hayo yananukia nazi, kweli kabisa, nilidhani naota niko Pwani. Bess hakunusa njia hata moja. Alishika ya kushoto bila kusita. Tulipokaribia kilele, akaacha njia, akaenda kwenye jiwe moja bapa, akajilaza kando yake. Nikamwita, hakutikisika. Upepo ulikuwa mkali, lakini mbwa kalala anatazama jiwe. Nikasubiri kama dakika tano, mwishowe akainuka mwenyewe, tukamaliza kupanda. Kileleni niliona bahari upande mmoja, ngome ya Edinburgh upande mwingine, nikasali kumi moja la Rozari kwa ajili ya marehemu kama nilivyotumwa.

Niliporudi nikamsimulia mzee. Alinyamaza, kisha akasema, "Mke wangu alikuwa anapumzika pale. Kila Jumamosi. Alikuwa anampa mkate."

5. Swali la mzee

Ndipo akaniuliza: "Wewe umesoma. Unadhani Bess atakuwepo huko aliko mke wangu?"

Jibu la kitabuni nilikuwa nalo. Thoma anafundisha kwamba roho ya mnyama haina tendo lolote inalolifanya bila mwili, kwa hiyo haidumu yenyewe mwili unapokufa. Roho ya binadamu ina akili na utashi, kwa hiyo haifi. Hilo ni sahihi, na ni vizuri ulijue.

Lakini kabla ya kufungua kinywa nilimwuliza, "Mzee, kwa nini unauliza?" Akasema, "Kwa sababu nyumba nzima, huyu ndiye aliyebaki anayeijua sauti yake."

Hapo nikaelewa kwamba swali halikuwa juu ya mbwa. Mzee alikuwa anauliza: je, yale tuliyoishi, zile Jumamosi, ule mkate, lile jiwe, vimepotea? Je, Mungu anatunza vitu vidogo, au anaokoa roho tu na kutupa mengine yote?

Na kwa swali hilo Kanisa lina la kusema. Mtume Paulo, katika Warumi sura ya 8, anaeleza kwamba viumbe vyote vinaugua kama mama mwenye uchungu wa kuzaa, vikitazamia kuwekwa huru pamoja na watoto wa Mungu. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake *Laudato Si'* wa mwaka 2015, karibu na mwisho, anafundisha kwamba uzima wa milele utakuwa mshangao wa pamoja, ambamo kila kiumbe, kikiwa kimegeuzwa na kung'arishwa, kitakuwa na nafasi yake. Na tunakiri ufufuko wa mwili, si kuendelea kwa roho peke yake. Kristo alifufuka na makovu yake. Historia yake haikufutwa.

Kwa hiyo nilimwambia hivi: "Mzee, Kanisa halijatangaza fundisho kwamba mbwa fulani atakuwepo, na mimi siwezi kukuahidi. Ila linafundisha kwamba mkeo anaishi mbele za Mungu, kwamba sala yako inamfikia, na kwamba Mungu hatupi chochote alichokiumba kwa upendo. Ule mkate haujapotea." Mzee akanishika mkono, hakusema kitu. Bess alikuwa amelala chini ya kiti kimoja kitupu karibu na dirisha. Sikuuliza ni kiti cha nani.

Niongeze jambo moja, maana tusije tukatoka hapa tunaabudu mbwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2416 hadi 2418, inatupa mizani nzuri. Wanyama ni viumbe vya Mungu, tunawiwa nao wema, na kuwatesa bila sababu ni kinyume na hadhi ya binadamu. Wale watoto wanaorusha mawe kwa mbwa wa mtaani wanahitaji kaka au dada wa kuwaambia hivyo, na huyo ni wewe. Lakini pia haifai kutumia kwa wanyama fedha ambayo ingepunguza shida za watu, wala kuwapa upendo unaostahili watu tu. Mzee hakumpenda Bess badala ya mkewe. Alimpenda Bess pamoja na mkewe, ndani ya upendo ule ule. Mpangilio huo ukikaa sawa, hata mbwa anakuwa njia ya kumfikia Mungu.

Maswali ya kutafakari (peke yako au kwenye jumuiya yenu ya VIWAWA au TYCS)

Je, nani anahitaji niende naye tu, bila maneno mengi? Nimekuwa nikimkwepa kwa sababu gani?

Ni kamba ipi maishani mwangu ninayoiona adhabu, na kumbe ipo kwa sababu nimesimama karibu na jabali?

Ni mazoea gani mema niliyoachiwa na mtu aliyekwisha fariki? Bado ninayaishi?

Zoezi la wiki

Tafuta kilima, au hata kichuguu, karibu na unapoishi. Panda bila simu masikioni. Ukifika juu, taja kwa sauti jina la marehemu mmoja ambaye hakuna mtu mwingine anayemwombea, kisha umsalie kumi moja la Rozari. Kama kuna mzee wa jumuiya yenu ambaye miguu imegoma, mwulize kwanza anataka umwombee nani.

Tusali

Ee Mungu, uliyemtuma Rafaeli njiani pamoja na Tobia, ukaruhusu hata mbwa awafuate, tufundishe kutembea na wenzetu bila kuchoka. Utushike kamba pale penye hatari, utulegezee pale penye nafasi. Uwapokee marehemu wetu wote, na usiache kipotee chochote tulichokipenda kwa ajili yako. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Margareta wa Uskoti, utuombee.
Mtakatifu Rafaeli Malaika Mkuu, utuombee.

Wiki njema, na tuombeane. Ni mimi frateri wenu.